Safisha swichi za pinboli kwa kadi, si kwa msasa
Kwa sisi tunaotunza mashine ya pinboli (mchezo wa kupigapiga kimpira cha chuma kwenye ubao ulioinama) nyumbani hapa Mtwara, ambako upepo wa bahari huingiza unyevu na chumvi hadi ndani ya kabati lake, kifaa cha kwanza kuwa nacho karibu ni kipande cha kadi nene isiyong'aa. Chomoa waya wa umeme ukutani, dondoshea kadi spiriti kidogo, ipitishe kati ya ncha mbili za swichi, zibane taratibu kwa kidole, kisha ivute. Rudia kwa upande safi mpaka itoke bila weusi. Swichi nyingi ndogo za uwanja wa kuchezea zina ncha zilizopakwa dhahabu nyembamba mno, nayo ikikwanguliwa kwa msasa, metali ya chini hubaki wazi na kuchakaa upesi, jambo ambalo kwa hewa yetu ya pwani ni hasara kubwa. Kadi haitoshi kwa swichi za mikono ya kupigia mpira katika mashine za zamani, kwa kuwa ncha zake za tangsteni huunguzwa na cheche na huhitaji tupa laini. Vilevile haisaidii iwapo vibamba vinavyobeba ncha za swichi vimepinda na havigusani.