Kumvusha mzazi kwa boti kutoka Unguja hadi Dar

Kwa miaka mitano sasa nampeleka mama yangu kliniki Muhimbili na kumrudisha Unguja. Umri umepita sabini, magoti yanamsumbua, na bahari ikichafuka yeye ndiye wa kwanza kutapika. Mwendo ni kama kilomita 70, takriban saa mbili kwa boti ya kasi. Kwa mgonjwa, saa mbili hizo ni nyingi usipojitayarisha.

1. Tazama upepo kwanza

Ukipewa nafasi ya kuchagua tarehe, kumbuka misimu. Kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, ikishika, hasa Juni hadi Agosti, boti ya kwenda Dar inaelekea upepo unakotoka, kwa hiyo hupokea mawimbi usoni na kugonga. Kurudi ni nafuu, mawimbi yako nyuma. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia mwezi wa Disemba, mambo hugeuka: kwenda ni raha, kurudi ndiko kwenye kazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mawimbi makubwa, piga simu kliniki uombe siku nyingine. Vinginevyo panda boti ya asubuhi, kwani mchana upepo huzidi.

2. Kata tiketi siku moja kabla

Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Usikubali kamwe kusafiri kwa tiketi ya mtu mwingine. MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake, na wengi hawakuwa kwenye orodha. Familia zilitafuta ndugu zao bila hata karatasi ya kuthibitisha kwamba walipanda. Jina la mama yangu lazima liwe kwenye orodha ya abiria.

3. Mkoba wa mkononi

Faili la hospitali, dawa zote, maji, kanga mbili, ndimu. Mizigo mikubwa inawekwa mbali na abiria, na safari moja niliacha vidonge vya presha humo. Nilikaa saa mbili nikimtazama mama usoni, siwezi kuvifikia. Mfuko wa plastiki usibebe. Bara umepigwa marufuku tangu Juni 2019. Wahudumu wa boti hugawa mifuko ya kutapikia.

4. Tumbo

Uji mwepesi au mkate mkavu saa moja kabla ya kuondoka. Tumbo tupu hutapisha sawa na lililojaa mafuta. Vidonge vya kichefuchefu humezwa kabla ya safari, si baada ya kuanza kuumwa, na mwenye presha au kisukari amuulize kwanza daktari wake. Mama hunusa ndimu iliyokatwa, na humsaidia.

5. Kiti

Hapa ndipo nilipochelewa kujifunza. Nilikuwa nikimweka mbele apate kuona vizuri, na mbele ndiko boti inakoruka na kuanguka. Kaa sakafu ya chini, katikati, kuelekea nyuma. Hakuna ngazi za kupanda, mtikisiko ni mdogo, na choo hakiko mbali. Fika Malindi, bandari ya Unguja, saa nzima kabla, uwaeleze wahudumu kwamba una mgonjwa. Mara nyingi wamenipitisha mapema. Ukishakaa, uliza jaketi okozi ziko wapi. Mwambie mzee atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, na simu aiweke.

6. Kuingia Dar

Utajua mmefika boti inapotulia ghafla. Mlango wa bandari ni mwembamba na ndani maji yamezungukwa na nchi kavu. Utulivu huo ndio uliomvuta Sultan Majid wa Zanzibar kuanzisha mji hapa miaka ya 1860. Kigamboni iko kushoto, soko la samaki kulia, kisha mnara wa kanisa la Mtakatifu Yosefu. Abiria wote watasimama. Ninyi kaeni, hadi njia iwe wazi, kwa sababu mzee huangushwa zaidi na msukumano wa mlangoni kuliko mawimbi. Mchukuzi patana naye bei kabla hajagusa begi. Muhimbili iko Upanga, si mbali na bandari, lakini chukua teksi, usimtembeze juani.

7. Kurudi

Tiketi ya kurudi usiikate ya siku hiyo hiyo. Daktari akitaka kipimo kingine, mtalala, na mama akilala hupanda boti ya kesho akiwa na nguvu.