Somo: Asidi na besi zinavyozimana, na kwa nini pH huruka ghafla

Asidi ikikutana na besi, ayoni (chembe zenye chaji) za H⁺ kutoka kwenye asidi hushikana na OH⁻ za besi zikawa maji, na kinachobaki ni chumvi. Hapo hakuna tatizo. Linalowapoteza wengi ni pH, yaani kipimo cha uasidi (chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi): haishuki sawasawa na asidi unayomimina.

Andaa haidroksidi ya sodiamu 0.1 M (besi yetu; M ni moli kwa lita), asidi ya haidrokloriki 0.1 M, bureti (mrija wenye vipimo na koki chini), pipeti ya mL 25 (ya kupimia besi), flaski ya koni na fenolftaleini (kiashiria: waridi kwenye besi, haina rangi kwenye asidi). Miwani ya kinga ni lazima.

1. Suuza bureti kwa maji, halafu kwa asidi yenyewe. Maji yakibaki ndani, asidi inapungua nguvu na utatumia nyingi kuliko inavyotakiwa. Flaski suuza kwa maji tu. Ukiisuuza kwa besi, umeshaongeza besi usiyoipima.

2. Jaza bureti, fungua koki hadi kiputo cha hewa kwenye ncha kitoke, kisha ondoa faneli. Ikiachwa, itadondosha tone wakati umeshasoma.

3. Weka mL 25 za besi kwenye flaski. Tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti usilipulize. Ongeza matone 2 ya fenolftaleini. Rangi itakuwa waridi, pH 13.

4. Fungulia asidi huku ukizungusha flaski. Ukifika mL 22.5, asilimia 90 ya besi imekwisha, ila pH bado ni kama 11.7! Kuanzia hapo nenda polepole, na mwishoni tone kwa tone. Kwenye mL 24.95 pH ni 10, ukifika 25.05 ni 4. Hayo ni matone mawili tu, na waridi hutoweka humo humo.

Rudia hadi majibu mawili (mL za asidi ulizotumia) yasipishane zaidi ya mL 0.1.

Maswali

*Mwalimu, rangi inapotea kisha inarudi. Nisimame?*
Bado. Asidi imezidi pale tone lilipoangukia tu. Zungusha, endelea.

*Nikitumia asidi ya asetiki, mwisho ni pH 7?*
Hapana, ni kama 8.7, kwa sababu ayoni za asetati zinavuta H⁺ kutoka kwenye maji. Fenolftaleini inafaa, methili ya chungwa, kiashiria kingine, hubadilika kati ya 3.1 na 4.4, itakudanganya.

*Asidi ikinimwagikia, nipake besi?*
Usithubutu. Kuzimana huko hutoa joto, na besi nayo huunguza. Maji mengi yanayotiririka, dakika 20.