Nati iliyoganda: joto kwanza, nguvu baadaye

Mafundi wa Tanga mnaofungua trekta za Massey Ferguson za zamani, hasa zilizolala miaka karibu na bahari: nati za manifoldi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi wa injini) msizianze kwa kuchomeka bomba refu kwenye spana. Stadi (ile bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) ikikatikia ndani ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni kazi ya drili, na bili yake mwenye trekta hataki kuisikia.

Sugua kutu kwa brashi ya waya, pulizia dawa ya kutu, iache mpaka kesho. Asubuhi futa mafuta yote, kisha pasha nati kwa moto wa gesi (nati, siyo stadi) hadi ikaribie wekundu. Ikianza kupoa, gusisha mshumaa pale nyuzi (mikato ya stadi) zinapoingia kwenye nati. Nta inayeyuka na kuzama yenyewe. Sasa chukua spana ya boksi ya pembe 6, maana ya pembe 12 inakula kona. Kaza kidogo kwanza, usikie “ka!”, ndipo ulegeze. Robo mzunguko, rudisha, robo tena. Ukilazimisha mfululizo, unga wa kutu unajibana kwenye nyuzi.

Na dumu la dizeli liwe mbali, jamani.