Kujenga mfumo mdogo unaoamshwa na tukio katika Simulink: mfano wa taa ya mita ya LUKU

Mita ya umeme ya LUKU ina kitaa kidogo kinachomweka kadiri umeme unavyotumika, na usoni mwake huandikwa idadi ya mimweko kwa kila yuniti, kwa mfano 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Kwa mita ya 1000, mmweko mmoja ni sawa na jouli 3,600. Ukigawanya 3,600 kwa sekunde zilizopita tangu mmweko uliotangulia, unapata nguvu kwa wati. Birika la umeme la wati 1,800 likiwaka peke yake nyumbani, taa humweka kila baada ya sekunde 2. Kwa kuwa hesabu hii haina kazi yoyote kati ya mmweko mmoja na mwingine, mahali pake hasa katika Simulink, programu ya kuigiza mifumo kwa michoro ya bloku, ni ndani ya Triggered Subsystem, yaani mfumo mdogo unaolala mpaka tukio liuamshe.

Fungua modeli mpya, kisha chukua bloku ya Triggered Subsystem kutoka maktaba ya Ports & Subsystems. Ifungue, ubofye bloku ya Trigger iliyomo ndani, na katika Trigger type uchague rising, ili mfumo uamke pale tu taa inapowaka. Ukichagua either, utaamka taa inapowaka na inapozima, na matokeo yake si mara mbili tu ya hesabu bali ni upuuzi mtupu: kwa mmweko wa sekunde 0.1 utasomewa wati 36,000, halafu wati 1,895, na kadhalika kwa kupokezana.

Nje ya mfumo, weka Pulse Generator ya kuigiza mimweko, yenye Amplitude 1, Period 2, Pulse Width 5 (yaani asilimia 5 ya Period) na Phase delay 0.7, uiunganishe na mlango wa juu wa bloku. Weka pia Clock nje, uiingize kwa mlango wa kawaida. Haifai kuiweka ndani, kwa sababu mfumo wa aina hii hukubali tu bloku zinazorithi muda wa sampuli (Sample time, kila baada ya muda gani bloku hukokotoa), yaani zenye -1, au zile zisizobadilika kabisa. Ndiyo maana hata Integrator ya kawaida hukataliwa humo.

Ndani, wakati unaoingia upeleke kwenye Unit Delay yenye Sample time -1, kisha utoe kilichotoka humo kwenye wakati wa sasa kwa Subtract, na ugawanye 3600 kwa tofauti hiyo. Hapa ndipo penye uzuri wa mfumo huu: Unit Delay haikumbuki hatua iliyopita ya simulesheni bali mara ya mwisho mfumo ulipoamshwa, kwa hiyo tofauti hiyo ndiyo muda kati ya mimweko miwili. Mmweko wa kwanza, hata hivyo, hauna wa kulinganishwa nao. Unakuja kwenye sekunde 0.7, Unit Delay ingali sifuri, na jibu ni wati 5,143 ambazo hakuna aliyezitumia. Pitisha jibu kwenye Switch inayoongozwa na tokeo la Unit Delay, ubadilishe sharti lake liwe u2 > Threshold, na upande wa pili uweke sifuri.

Tatizo kubwa zaidi ni la birika kuzimwa. Mimweko ikikoma, mfumo hauamki tena, na tokeo lake hubaki wati 1,800 mpaka mwisho. Enabled Subsystem inaweza kuagizwa irudishe tokeo kwenye thamani ya mwanzo inapozimwa, lakini Triggered Subsystem haina hiari hiyo, hivyo dawa lazima ikae nje. Ongeza mlango wa pili wa kutokea unaotoa wakati wa mmweko wa mwisho, uuondoe kwenye Clock huko nje, ugawanye 3600 kwa kilichobaki, kisha MinMax ichague kilicho kidogo kati ya jibu hilo na nguvu iliyosomwa. Hoja ni kwamba zikipita sekunde 10 bila mmweko, wastani wa nguvu katika muda huo hauwezi kuzidi wati 360. Mmweko unapotokea mgawanyo huu hutoa Inf, yaani namba isiyo na kikomo, lakini MinMax haitaichagua.

Ukitumia rekodi ya kweli ya sensa ya mwanga, kumbuka kwamba Trigger huangalia signali ikivuka sifuri, si kiwango unachokiona wewe kwenye grafu. Volti zinazopanda kutoka 0.4 hadi 3.1 hazitaamsha chochote. Tanguliza Relay inayowaka kwa 2 na kuzima kwa 1, ikitoa 1 na 0. Pengo hilo pia huzuia kelele ya sensa isihesabiwe kuwa mimweko. Sampuli za kila sekunde 0.01 zinatosha kwa birika, kwani kosa la hatua moja ni asilimia 0.5, ila kwa mzigo wa wati 7,200 hufika asilimia 2.

Kwa majaribio, zidisha Pulse Generator na Step inayoshuka kutoka 1 hadi 0 kwenye sekunde 20, uendeshe hadi sekunde 30. Kwenye Scope iliyounganishwa na tokeo la MinMax unapaswa kuona sifuri hadi sekunde 2.7, wati 1,800 hadi 20.7, halafu mteremko unaofika wati 360 kwenye 28.7. Mstari ukirukia juu sana kwenye kila mmweko, kisha ukibaki bapa kwenye 1,800 baada ya 20.7, MinMax imewekwa max badala ya min.