Kabla hujalipia intaneti ya nyumbani, nenda kwa jirani saa mbili usiku

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi hapa Ngamiani, Tanga. Leo singo, kesho nikahi, na keshokutwa asubuhi mama wa bi harusi anapiga simu: shangazi wa Muscat wanauliza, video iko wapi? Kwa hiyo haya ninayokueleza sikuyasoma kwenye vipeperushi. Nimekesha sana naitazama kompyuta ikihesabu asilimia.

Anza na hesabu, maana hapo ndipo wengi tunapopigwa. Tangazo likisema Mbps 20, hizo ni megabiti kwa sekunde. Faili lako linapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti 8. Gawanya: unapata megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti moja itashuka kwa kama dakika saba, tena ikiwa hakuna mwingine anayetumia.

Halafu, namba hiyo ni ya kupakua. Kupakia, yaani kutuma faili mtandaoni, kuna namba yake, na kwenye laini za simu mara nyingi ni ndogo kabisa. Video yangu moja ya harusi ina gigabaiti 12. Nikiipakia kwa Mbps 2, nikabonyeza saa mbili usiku, inamaliza saa tatu na dakika ishirini asubuhi, umeme usipokatika. Kwa Mbps 20 ni saa moja na dakika ishirini tu. Muulize muuzaji, "Na kupakia je?" Akianza kukusifia rangi ya ruta, rudia swali.

Namba ya tatu ni pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Kwenye tamthilia haikusumbui. Kwenye simu ya video, ikifika mia tano mnaanza kupokezana maneno kama askari na redio ya upepo.

Sasa unahitaji kiasi gani? Netflix wenyewe wanashauri Mbps 5 kwa picha safi ya HD na 15 kwa 4K. Hesabu watu wa nyumbani kwako wanaotumia kwa wakati mmoja, usihesabu simu zilizolala kwenye chaji. Kwetu ni mama na tamthilia yake, mdogo wangu na gemu, na mimi. Mbps 20 inatutosha, ili mradi iwe 20 kweli.

Wengi tunaanza na ruta ya laini ya simu, ya 4G au 5G. Unachomeka kwenye umeme, basi. Yangu niliiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo kwa sababu ilipendeza, nikalalamika miezi miwili. Siku moja nikafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, nikatafuta palipoandikwa RSRP. Namba yake ni ya hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu: -80 ni raha, -110 ni taabu. Yangu ilikuwa -112. Nyumba yetu ni ya zamani, ukuta wa mawe na chokaa, mnene kama wa ngome. Nikaibeba ruta chumba kwa chumba nikisoma namba, hadi dirisha la uani upande ulipo mnara: -93. Kupakia kukatoka Mbps 1 hadi 7, na sikuongeza hata shilingi. Wifi nayo ina mambo yake. Masafa ya GHz 5 yana kasi lakini ukuta unayachosha haraka. Ukiwa chumba cha mbali tumia ya 2.4.

Na neno "bila kikomo" lisikulevye. Kuna kampuni iliniuzia kifurushi hicho, nikapakia harusi mbili tu, mwezi haujafika katikati, spidi ikaporomoka mpaka picha za WhatsApp zikawa zinazunguka. Kupiga simu nikaambiwa nimevuka kiwango cha matumizi ya haki. Kiliandikwa, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Uliza: nikivuka gigabaiti ngapi mnanipunguzia, na mnanipunguzia mpaka ngapi?

Faiba ikipita mtaani kwako, usifikirie mara mbili. Kupakia kwake mara nyingi hukaribia kupakua, na uzi wenyewe ni kioo kinachopitisha mwanga, hauli kutu kwa upepo wa bahari kama waya wa shaba wa simu za mezani. Shaba ina kasoro nyingine: ukiwa mbali na kituo, spidi inafifia njiani. Ila simama na fundi anapopitisha faiba. Wangu alitaka kuikunja kwenye kona ya mlango kama waya wa taa. Ukiikunja sana, mwanga unavujia kwenye kona. Taa ya LOS kwenye kisanduku cha faiba ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Usihangaike kuzima na kuwasha, ita fundi.

Antena ya paani nayo ni nzuri, mradi ione mnara wake bila kizuizi. Mjomba wangu kule Duga ilimfaa hadi mwembe wa jirani ulipostawi. Satelaiti waachie walio shamba, kule Muheza ndani ndani. Zile zilizo juu kilomita 36,000 zina pingi ya nusu sekunde na zaidi, za chini zina nafuu kubwa. Kabla hujaagiza dishi, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama huduma hiyo imeruhusiwa nchini.

Ukishachagua, usisaini bado. Mtafute jirani mwenye kampuni ileile, nenda saa mbili usiku, watu wote wakiwa mtandaoni, mchukulie hata visheti. Omba wifi, fungua fast.com, bonyeza maelezo zaidi uone kupakia na pingi. Pima mara tatu, ukae karibu na ruta. Kama anatumia bando la kuhesabu, mwombe radhi kwanza, kipimo kinakula data.

Wapo wanaoweka faiba na laini pamoja wakidhani wamejikinga na kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikatika huko kusini, na vyote viwili vikayumba kwangu siku ileile, kwa kuwa vyote vilitoka nchini kwa nyaya hizohizo. Laini ya akiba inafaa kwa faiba iliyokatwa na sululu mtaani.

Kwa umeme unaokatika, nunua betri ndogo ya ruta. Soma kwanza maandishi ya chini kwenye adapta: nyingi ni volti 12, nyingine 9. Mdogo wangu hakusoma.