Hadubini na watoto nyumbani: anzeni na chumvi, vidudu vitafuata

Kila Jumamosi asubuhi barazani kwetu hapa Makorora, Tanga, wanajaa watoto, wangu wawili na wa majirani, siku nyingine wanafika tisa, na mezani kuna hadubini moja tu ya mtumba, sahani ya chumvi, na makorokoro waliyookota njiani. Wazazi wengi wananiuliza naanzaje nao, basi nimeona niandike yote kwa pamoja.

Jambo moja naliweka mbele ya yote: usimwambie mtoto atakachokiona. Mwache atazame, achore, ndo umuulize ameona nini. Ukimtangulia ukasema "hizo ni seli", ataitikia "nimeona" hata kama kwenye lenzi kuna giza tupu, kwa sababu mtoto anataka kukufurahisha, na hapo ushampoteza. Nimeliona mara nyingi sana. Kwaiyo kila mtoto ana daftari na penseli, anachora duara kubwa kwa kufuatisha mdomo wa kikombe, afu ndani ya duara anachora alichokiona, hata kama ni alama tatu tu, pembeni anaandika tarehe na ni kitu gani.

Kifaa kisikutishe. Siku ya kwanza hatukua na hadubini kabisa, tulikata kipande bapa cha chupa ya maji, tukakilaza juu ya gazeti, tukadondosha tone moja la maji kwa mrija, na herufi zilizo chini ya tone zikavimba hapo hapo. Hiyo ni lenzi tayari! Wakishaelewa kwamba maji yaliyojikunja tu yanaweza kukuza kitu, hawataiona ile hadubini ya chuma ya shuleni kama uchawi. Baada ya hapo unaweza kuazima ile lenzi ya fundi saa au sonara, inakuza mara 10 hivi, au ukapata hadubini ndogo ya mkononi yenye taa yake ndogo. Ipo pia ya karatasi inaitwa Foldscope, aliibuni Manu Prakash na mwenzake Jim Cybulski kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, inakunjwa kama bahasha na inakuza mara 140. Ukipata ya shule, zidisha namba ya lenzi ya juu kwa namba ya lenzi ya chini: 10 kwa 4 ni mara 40, 10 kwa 10 ni mara 100, 10 kwa 40 ni mara 400. Kwa watoto 40 na 100 zinatosha kabisa, na ukiona boksi la hadubini ya kuchezea limeandikwa 1200 usivutwe na namba, kitu kinakua kikubwa ila ni ukungu mtupu.

Sheria zetu ni tatu na hazina mjadala. Kwanza, hadubini yenye kioo cha kuakisi mwanga haielekezwi kwenye jua hata sekunde moja, jua letu hili likipita kwenye lenzi linaunguza jicho, elekeza kwenye mwanga wa dirisha au ukutani pale peupe, au weka tochi ya simu. Pili, unaanza na lenzi fupi, ile ndogo kabisa. Tatu, unaishusha lenzi huku unaitazama kwa pembeni mpaka ikaribie slaidi, yani kile kipande cha kioo unachowekea kitu, ndo unaweka jicho na kuzungusha kwenda JUU taratibu mpaka picha itulie. Hii ya tatu nimeijua kwa hasara, mwaka juzi mtoto alizungusha kwenda chini huku jicho liko kwenye lenzi, tukasikia "ka!", slaidi vipande viwili na lenzi ikapata mkwaruzo mpaka leo. Hakukosea yeye, mi ndo sikumwonyesha.

Sasa chumvi. Kwa nini chumvi? Kwa sababu mtoto anaijua, ameishika, ameila asubuhi ile ile, yani haogopi. Nyunyiza punje chache tu kwenye slaidi, punje tano sita, wala usifunike, tazama kwa mara 40. Mtoto wa jirani wa miaka saba alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani haoni, kumbe anahesabu. Akanyanyua kichwa: "Shangazi, ni matofali. Nani kayakata?" Nikamjibu hajayakata mtu, nikamwachia swali lake. Afu mkaweke na sukari pembeni, muone sukari nayo ina pande na kona ila sio tofali, imekaa upande upande. Halafu ndo inakuja sehemu tamu: korogeni chumvi kwenye maji kidogo, wekeni tone moja kwenye slaidi, iacheni kwenye upepo wa bahari huku mnaichungulia kila baada ya dakika chache. Maji yanavyokauka kuanzia pembeni, vitofali vidogo vinaanza kuota vyenyewe, kimoja, viwili, mara vingi, na kila kimoja kina kona zake kamili. Hapo hata watu wazima wanagombania jicho. Na ndo kazi ile ile inayofanyika kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu, jua linakausha maji ya bahari chumvi inabaki, ila watoto wengi walikua hawajawahi kuiona ikizaliwa.

Herufi ya gazeti usiiruke. Kata herufi moja, "k" inafaa au "a", iweke imesimama sawa. Ndani wataikuta imepinduka kichwa chini na imegeuka, na ukisogeza slaidi kulia yenyewe inaenda kushoto. Waache wabishane. Picha ya rangi ya gazeti nayo wataikuta ni vidoti tu, bluu, pinki, njano na vyeusi, sura ya mtu imepotea kabisa.

Ninapopapenda zaidi ni kwenye nyuzi, na kwa mtu wa Tanga hapa hamna kisingizio, katani tunaigusa kila siku. Mkonge wenyewe ni mgeni, mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida, miche iliyofika hai ilikua 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba yote yale ya baadae yalianzia hapo. Chukua kamba ya katani, chambua unyuzi mmoja mwembamba kadri utakavyoweza, uweke kwenye tone la maji, tazama mara 100. Ulichodhani ni uzi mmoja ni mafungu ya nyuzi nyembamba zaidi zimegandana ubavu kwa ubavu, ndo maana kamba yake haikatiki ovyo.

Baada ya katani leteni kanga. Vuta uzi kwenye pindo, utazame. Uzi wa pamba ukiukuza unaonekana kama utepe uliojisokota, umelala bapa hapa, umepinda pale, hautulii. Uzi wa plastiki, ule wa polyester, umenyooka laini kama fimbo ya kioo. Siku moja mama mmoja alikuja na doti aliyouziwa kwa bei ya pamba tupu, watoto wakavuta uzi, wakauweka, binti wa darasa la tano akatazama akasema, "Mama, humu kuna fimbo na kuna utepe, zimechanganywa." Yule mama akainama mwenyewe akatazama, akanyamaza. Kuanzia siku ile binti yule ndo anapelekewa kanga za mtaa mzima.

Na hii ina asili yake jamani. Kule Delft, Uholanzi, miaka ya 1600 alikuwepo mfanyabiashara wa vitambaa, Antonie van Leeuwenhoek, watu wa biashara yake walitumia lenzi kukagua nyuzi, yeye akaendelea kusaga lenzi zake mwenyewe ndogo kama punje, mpaka miaka ya 1670 akatazama tone la maji akakuta ndani kuna viumbe hai wanaogelea, wadogo kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Alianzia kwenye uzi. Hua nawasimulia watoto wakiwa bado wameshika kanga mkononi.

Kitunguu ndo somo la seli, na mnahitaji uangalifu kidogo. Menya gamba moja nene, kwa upande wa ndani kuna ngozi nyembamba kama nailoni, ivute kwa kibano, kata kipande kidogo kama ukucha wa kidole kidogo, kitandaze kwenye tone la maji kisijikunje. Tia tone la ayodini, ile ya kidonda ya duka la dawa (mkubwa ndo aitie, inachafua nguo na isifike mdomoni). Kifuniko cha kioo usikidondoshe, kiegemeze upande mmoja afu kilaze pole pole kama unavyofunga kitabu, bila hivyo hewa inabaki chini. Kila mtoto siku ya kwanza atakuitia mapovu ya hewa: miduara mizuri yenye ukingo mweusi mnene, "nimeona mdudu!" Usimkatishe. Mwambie abonyeze kifuniko kidogo kwa ncha ya penseli aone mdudu wake anavyofanya, atajua mwenyewe. Povu likiisha mtakuta vyumba vimepangana ukuta kwa ukuta, hivyo ndo seli, na kila chumba kina kidoa, hicho ndo kiini. Mabaki ya ayodini tieni kwenye muhogo mbichi, unageuka bluu nyeusi pale pale, ndo wanga huo.

Vidudu sasa, maana najua ndo walichokua wanasubiri. Chota maji yaliyotuama kwenye kopo au tairi, tafuta viluwiluwi vya mbu. Kabla ya hadubini watazameni kwanza kwenye glasi: wanaoning'inia kichwa chini wakipumulia mkia ni mbu wa kawaida, akina kuleksi, anayelala sambamba na uso wa maji ni anofelesi, jamaa wa malaria. Ukishawajua hivyo hata bila lenzi unaweza kukagua madimbwi ya mtaani kwako. Muheza hapo jirani ipo taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR kituo cha Amani, wanashughulika na malaria, na kazi kama hii ya kumtambua mbu akiwa majini ni sehemu ya kazi yao. Mnyonye mmoja kwa mrija, muweke na maji yake bila kufunika, mara 40: utaona chakula kinasukumwa tumboni na brashi za mdomoni zinafagia maji bila kupumzika. Kwa joto letu kiluwiluwi anaweza kua mbu ndani ya wiki moja hivi, kwaiyo maji hayo yasilale ndani, mkimaliza mwageni kwenye mchanga mkavu juani, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni.

Damu sitaki kuisikia barazani kwangu, hakuna kutoboana vidole, magonjwa yanapita hapo. Ukungu wa mkate mnaweza, ila ubanwe katikati ya selotepu mbili, asiunuse mtu.

La mwisho, unyevu wa pwani ni adui mkubwa wa lenzi, ukiiacha kabatini miezi miwili inaota kuvu ndani na haifutiki. Iwekeni kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikusanye vyote tia humo. Kufuta tumia kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa, usitumie pindo la kanga uliyovaa, mchanga wa ufukwe wetu wa Raskazone umo humo humo na unakwaruza. Ila mchanga wenyewe kausheni kiganja kimoja, Jumamosi ijayo ndo tunaouweka mezani.