Kipimo cha Coombs: jinsi ya kutafuta C3d kwenye chembe nyekundu

Kipimo cha Coombs huonyesha kama chembe nyekundu za damu zimepakwa kingamwili au komplementi, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu. Chembe nyekundu hazibebi oksijeni tu. Juu yake kuna kipokezi cha komplementi kiitwacho CR1, ambacho hunasa mizigo ya kingamwili iliyopakwa C3b (kipande cha komplementi) na kuisafirisha hadi kwenye ini na bandama ikateketezwe. Kwa wagonjwa wengi wa lupasi vipokezi hivi hupungua. CR1 ina kazi nyingine pia: C3b ikitua kwenye chembe yenyewe, husaidia kimeng'enya kiitwacho faktari I kuikatakata hadi kibaki kipande kidogo tu, C3d. Kipande hicho ndicho tunachokisaka hapa.

Hatua ya 1. Chukua damu kwenye chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. EDTA hufunga kalisi, komplementi ikashindwa kuendelea na kazi chupani. Damu iliyoganda ikilala kwenye friji huweza kukupa C3d ya uongo.

Hatua ya 2. Osha chembe kwa salaini (maji ya chumvi) mara nne, na kila mara mwaga yote. Tafadhali usiharakishe hapa: plazima kidogo tu ikibaki huua nguvu ya kitendanishi (dawa ya kupimia), na mgonjwa anaandikiwa hasi wakati si hasi. Zikishikamana zenyewe, osha upya kwa salaini ya nyuzi 37.

Hatua ya 3. Tengeneza mchanganyiko wa chembe wa asilimia 3 hadi 5. Weka tone moja katika kila moja ya tyubu tatu, kisha ongeza kitendanishi cha kunasa IgG (aina ya kingamwili) katika ya kwanza, cha C3d katika ya pili, na salaini tupu katika ya tatu.

Hatua ya 4. Zungusha kwenye sentrifuji, kisha inamisha tyubu polepole huku ukitazama kile kitone chekundu kilicho chini. Kikipanda kama moshi, ni hasi. Kikibanduka kwa mabonge, ni chanya. Ukitikisa kwa nguvu, mabonge dhaifu huvunjika usiyaone.

Hatua ya 5. C3d ikiwa hasi, iache dakika 5 kwenye joto la chumba, zungusha, soma tena. Tyubu za IgG na C3d zilizo hasi zitilie chembe za kuhakiki (zilizokwisha kupakwa) zinazolingana na kitendanishi. Zisiposhikamana, rudia kipimo chote. Salaini ikiwa chanya, usitoe jibu.

C3d peke yake hunifanya nifikirie kwanza kingamwili za baridi, zinazoshika chembe kwenye baridi; IgG, ikiwa na C3d au bila, zile za joto, zinazoshika kwenye joto la mwili. Jibu chanya bado halithibitishi kwamba chembe zinavunjika, kwa hiyo mwombe daktari aangalie pia vipimo vya damu vya LDH, bilirubini na retikulositi (chembe nyekundu changa).